Kukata kinyama ni dakika chache, kuona ndo kazi yenyewe

Watu wakijua nafanya kazi chumba cha endoskopi swali la kwanza huwa lilelile, eti sista ni kweli mnaweza kutoa uvimbe tumboni bila kupasua? Kweli kabisa. Sio kila uvimbe, ila ule ulioota kwenye utando wa ndani wa njia ya chakula na haujazama chini, tunaingia kwa mdomo au kwa njia ya haja na ule mpira wenye kamera, tunautoa, na mara nyingi mtu analala kwake siku hiyohiyo. Sasa hiyo habari ya kutoa ndo inapendwa na kila mtu. Hata madaktari wapya wanaokuja kujifunza, siku ya kwanza tu macho yote yako kwenye kitanzi, ule waya wa kunyongea na kukatia uvimbe. Mimi miaka niliyokaa pale imenionyesha upande mwingine, kukata ni dakika chache na kazi yenyewe ni kuona, halafu mengi yanayoharibika huwa yameshaharibika kabla hatujafungua hata pakiti ya kitanzi.

Mimi ni nesi, nimekulia Arua, baba alikuwa mwanajeshi kwa hiyo Kiswahili ndo lugha ya nyumbani kwetu, Kilugbara nilikiokota sokoni na Kiganda nikakikuta Kampala. Nataja lugha kwa sababu imenipa kazi ya ziada. Akija mkimbizi wa Kongo, au afande mstaafu, au dereva wa lori kutoka Malaba, naitwa mimi nimweleze, na kwetu kueleza sio adabu tu, mgonjwa asipoelewa namna ya kusafisha utumbo sisi tunaingia ndani hatuoni kitu, hela yake imeenda.

Tuanze hapo kwenye kusafisha maana hapo ndo vita yangu kubwa. Kinyama ndo tunavyouita huo uvimbe ulioota kwenye utando, sasa kile cha milimita tano, au kile kilicholala bapa, kinajificha chini ya uchafu na hutajua kama kilikuwepo. Kwa hiyo siku mbili tatu kabla mtu anaachana na mboga za majani, maharage, karanga, simsim, mahindi ya punje, na matunda yenye mbegu. Pasheni na mapera hayo ndo maadui zangu, mbegu ya pasheni haisagiki, inatoka nzima, inaingia kwenye mrija wa kufyonza na kuziba, basi kazi inasimama tunaanza kuzibua huku mgonjwa amelala. Nikiwaambia hawaamini. Ale wali mweupe, posho yaani ugali, mayai, viazi vilivyomenywa, na siku ya mwisho vitu vya majimaji tu, na visiwe vyekundu. Hilo la wekundu nalisema mara mbili kwa mama zetu wa Kinubi wa Bombo, hajati naomba karkade ipumzike siku hiyo, maana ukiikuta ndani ya utumbo unadhani ni damu.

Halafu dawa yenyewe ya kuharisha, nusu anakunywa jioni nusu alfajiri, ile ya alfajiri imalizike masaa machache kabla ya kipimo. Watu wanataka kuimaliza yote jioni ili walale. Wapi, usiku mzima utumbo mwembamba unaendelea kumwaga majimaji yake na asubuhi upande wa kulia wa utumbo mpana umeshapakwa tena, na upande huo wa kulia ndo vinyama bapa vinapenda kukaa. Tunataka kinachotoka kiwe maji ya manjano unayoona sakafu kupitia kwake. Lakini nikwambie ukweli, maelekezo mengi haya yaliandikwa kwa mtu mwenye choo chake chumbani. Mgonjwa wangu anaishi muzigo, vile vyumba vya kupanga, choo kimoja nyumba nzima, foleni asubuhi, sasa unamwambia akaharishe mara kumi? Na baada ya hapo apande boda kutoka huko Wakiso hadi mjini? Mtu mzee au anayeishi hivyo tunamwomba aje jioni alale wodini. Inaongeza gharama, najua, ila kurudia kipimo ni gharama zaidi.

Kuna sehemu wanatumia manitoli kwa sababu inapatikana na ni rahisi, unachukua ile ya dripu mtu anainywa. Inasafisha vizuri tu. Shida ni kwamba bakteria wa utumbo wanaichachusha na kutoa gesi ya haidrojeni, na haidrojeni ukiiwashia cheche ya mashine ya kukatia inalipuka. Sio hadithi, imewahi kutokea huko nje hadi kuua. Kwa hiyo mgonjwa akitoka kwingine na ameshakunywa dawa ya kusafisha lazima niulize alikunywa nini kabla daktari hajagusa umeme.

Haya, damu. Uganda ukitoka damu njia ya haja basi una bawasiri, atakuambia jirani, atakuambia mwenye duka la dawa, na wakati mwingine hata mhudumu wa afya ambaye hajakupima. Nilikuwa na afande mmoja mstaafu, mtu wa mzaha sana, amepaka mafuta ya bawasiri muda mrefu na damu inakuja inaondoka. Na kweli bawasiri alikuwa nazo! Hilo ndo linawapoteza watu, ukipata sababu moja unaacha kutafuta nyingine. Tulipoingia na kamera, juu kidogo kwenye ule utumbo uliojikunja upande wa kushoto, kulikuwa na kinyama kikubwa chenye shina, kichwa chake chekundu kinavuja. Bawasiri zake wala hazikuwa zinatoka damu. Daktari wetu ana msemo wake kwamba kidole chenye glavu ni kipimo cha bure, na ni kweli uvimbe mwingi wa chini kabisa unafikiwa kwa kidole, lakini watu wanaona aibu, mgonjwa anaona aibu na mpimaji naye anaona aibu, basi wanakubaliana kimyakimya kuandikiana dawa ya kupaka.

Na kuna wasomi wanaoniambia saratani ya utumbo mpana ni ya wazungu. Hilo lina mzizi wake hapahapa kwetu. Denis Burkitt, yule daktari mpasuaji aliyeanzia Lira 1946 kisha hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1958 alieleza uvimbe wa taya wa watoto unaoitwa kwa jina lake mpaka leo, baadaye alizunguka akisema Waafrika wa vijijini hawapati sana magonjwa ya utumbo mpana kwa sababu ya chakula chenye nyuzinyuzi, na mwaka 1971 akaandika kuhusu saratani ya utumbo mpana kwa mtazamo huohuo. Aliona alichokiona wakati ule. Ila mtu wa Kampala leo anayekula chipsi na soda na kukaa kwenye foleni ya magari masaa, halafu anatoka damu, asijifiche nyuma ya maneno ya miaka hiyo. Sisi tunawaona, na wengine ni vijana.

Sasa kwa nini tunahangaika na vinyama? Kwa sababu saratani nyingi za utumbo mpana zinaanza na kinyama kisicho saratani, na kutoka hapo hadi saratani inachukua kama miaka kumi hivi. Huo ni muda mrefu wa kukamata kitu. Waliofungua hii njia ni Hiromi Shinya na William Wolff, New York, 1969, walitoa kinyama kwa kitanzi cha waya kupitia kolonoskopu, ule mpira wa kamera unaopita njia ya haja, kabla ya hapo kinyama cha juu huko ni kupasuliwa tumbo. Halafu 1993 Wamarekani wakachapisha utafiti mkubwa wa watu waliotolewa vinyama vyote vilivyoonekana, saratani ikapungua kwa asilimia 76 hadi 90 ukilinganisha na ilivyotarajiwa. Nawaambia wagonjwa hiyo namba wakilalamikia ile dawa ya kuharisha.

Lakini hiyo yote inategemea kuona. Mpira ukiingia unafika mwisho kule utumbo mpana unapoanza, na kuangalia kwenyewe kunafanyika wakati wa kurudi nyuma. Kuna utafiti wa 2006 ulioonyesha madaktari wanaorudi kwa dakika sita au zaidi wanakuta vinyama vingi zaidi kuliko wenye haraka. Kwetu kuna saa ukutani na kazi ya kuitazama ni yangu. Daktari akifika mwisho nasema kwa sauti, daktari tumefika, saa tano na dakika kumi, na yeye anajua maana yake. Wengine walinichukia mwanzoni. Na mimi natazama skrini kama yeye, macho manne, mara nyingi nimesema rudi kidogo, nyuma ya hicho kikunjo. Kinyama bapa hakijitangazi, unaona tu utando umebadilika rangi kidogo, mishipa midogo imekatika ghafla, kuna ute umeng'ang'ania mahali pamoja hautaki kuoshwa. Ukibonyeza kitufe cha mwanga wa bluu na kijani mishipa inajitokeza vizuri zaidi, maana damu inanyonya huo mwanga. Mashine nyingi za siku hizi zinacho, ila nimeona vyumba ambavyo kipo na hakuna anayekibonyeza.

Kitu kinachoniuma zaidi ya vyote ni hiki. Mwalimu mmoja mama mtu mzima alitufikia kutoka mbali, amebeba karatasi. Alikuwa amekutwa na kinyama bapa upande wa kulia, sehemu alikopimiwa wakachukua vipande vingi vya kupeleka maabara, siku nyingine wakajaribu kukitoa kwa kitanzi, nusu ikatoka, nusu ikabaki, wakaacha. Tulipomfungua tukakuta kovu na kinyama kimekua juu ya kovu. Daktari akachoma sindano chini yake ili kiinuke, maji yakaenda pembeni, katikati pakabaki pameshikilia. Kisipoinuka maana yake ni moja kati ya mbili, ama saratani imezama chini ama kovu limekigandisha, na kwa macho huwezi kuapa ni ipi. Mama akaenda kupasuliwa, akakatwa kipande cha utumbo, majibu yakaja hakukuwa na saratani kabisa. Yaani kitu ambacho kingetoka kwa kitanzi asubuhi moja kimemgharimu upasuaji mkubwa, kwa sababu tu mtu aliona akashindwa kutulia bila kugusa. Tangu hapo kwetu ni amri, ukiona kitu usichoweza kukimaliza leo piga picha nyingi, andika kiko wapi na kina ukubwa gani, weka alama ya wino wa kaboni pembeni, nasema pembeni, sentimita kama tatu, wala sio chini yake maana wino wenyewe unaleta kovu, kisha mpeleke kwa anayeweza. Nafasi nzuri ya kukitoa ni ile ya kwanza. Hizo zinazofuata zote ni ngumu kuliko hiyo.

Kutoa kwenyewe, haya nielezee kwa sababu mnauliza. Kidogo cha chini ya milimita kumi tunakinyonga kwa kitanzi bila umeme, tunachukua na utando mzima kidogo wa pembeni, damu inatoka tone mbili inakauka. Kikubwa zaidi na bapa ndo tunachoma maji ya chumvi yenye dawa ya bluu na adrenalini kidogo chini ya utando, na kile kinyama kinajitenga na msuli wa chini kinapanda juu, kama chapati inavyofura kwenye kikaango. Rangi ya bluu inakuonyesha uko tabaka gani. Hapo ndo kitanzi kinawekwa, umeme kidogo, kimetoka. Hadi milimita kama 20 unaweza kukitoa kizima kwa mara moja, zaidi ya hapo ni vipande vipande, au ile njia ya Wajapani ya kukata mduara na kukichuna chote kwa kisu kidogo sana, waliikuza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya saratani changa za tumbo. Hiyo inataka mkono uliozoea na masaa kadhaa, kwetu hatuidanganyii, anayeihitaji tunamwandikia rufaa.

Watu hawajui kwamba anayefunga kitanzi ni nesi. Daktari anaelekeza mpira, mimi nashika mpini. Funga polepole, anasema, na vidole vyangu vinasikia nyama, laini inakubali, ngumu inakataa. Kabla ya kuanza nakifunga kitanzi nje ya mwili nikaweka alama kwenye mpini mahali kinapofungika kabisa, hivyo nikiwa ndani najua kimebaki nafasi kiasi gani, na ikibaki kubwa kuliko tulichokiona kwenye skrini namwambia daktari, tumeshika kingi, labda msuli umeingia. Anafungua, anainua, tunashika upya. Kwa yule afande mwenye shina nene tulichoma adrenalini kwenye shina kwanza kisha tukaweka klipu, kibanio kidogo, chini, maana ndani ya shina kuna mshipa wa damu na ukifunga kwa pupa shina linakatika kabla umeme haujaukausha. Nesi mwenye pupa ni hatari kuliko daktari mwenye pupa, hilo nalisema na natoka kwa manesi.

Baada ya kukata usifurahi, angalia shimo. Likiwa bluu sawasawa ni salama. Ukiona duara jeupe katikati ya bluu huo ni msuli umekatwa, funga kwa klipu saa hiyohiyo usingoje tumbo lijae hewa. Na stima ndo usiseme, ikipotea katikati ya kazi hiyo skrini inazima ukiwa umeshika nyama kwenye kitanzi. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza nachomoa mashine ukutani makusudi nione betri inabeba kwa muda gani. Wenzangu wananicheka.

Sio kila kilichovimba kinakatwa lakini, na hapa nazungumza na watu wa kwetu West Nile na wa ziwa Albert. Aliletwa kijana mvuvi kutoka upande wa Pakwach, ametapika damu. Kijana daktari aliyekuwa anajifunza akaingia kwa mdomo, akafika juu kabisa ya tumbo, akaona vimbe vimepangana, akasema uvimbe, nipe koleo nichukue kipande. Nikamuuliza, daktari, huyu ametoka wapi? Akanishangaa. Nikamwambia ametoka majini, kule kichocho cha utumbo kimejaa, mayai yake yanaziba mishipa ndani ya ini, bandama inavimba, na damu inatafuta njia nyingine inapanda kwenye mishipa ya umio na ya tumbo. Hizo vimbe zako zina ubluu, zibonyeze kidogo na koleo lililofungwa uone zinavyobonyea. Mkubwa wake akaja, akatazama, akasema weka hilo koleo chini. Angeuma pale tungekuwa tunafuta damu sakafuni. Kijana mvuvi alitibiwa mishipa yake na kupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na yule daktari sasa kabla hajaingiza mpira anauliza kijiji kwanza. Kichocho hichohicho kinaweza kuotesha vinyama kwenye utumbo mpana pia, ukivikuta vingi kwa mtu wa ziwani fikiria mayai kabla hujafikiria saratani.

Mama mmoja wa Kongo alikuja na mtoto wa miaka kama minne kutoka kambi ya Kyangwali. Akaniambia, "Sista, mtoto yangu anatoka damu ku choo lakini halii." Hilo neno halii ndo lilinifanya nikae vizuri. Mtoto amepewa dawa za minyoo, metronidazo ya amiba, akarudiwa, tena na tena, na yeye anacheza anakula, hana homa wala tumbo kuuma, ila damu mbichi juu ya choo. Kwa mtoto wa umri huo, damu isiyo na maumivu mara nyingi ni kinyama kimoja tu kimeota chini karibu, cha utotoni, sio saratani. Tuliangalia kwanza midomo yake kama ina madoa meusi, kuna ugonjwa wa kurithi unaokuja na hayo madoa na vinyama vingi, hakuwa nayo. Alilazwa usingizi wa kweli na mtu wa ganzi, mtoto huwezi kumbembeleza, na kinyama kilikuwepo, chekundu, laini, shina jembamba. Kilitoka mara moja. Kumtafutia mama yake nauli ya kurudi kambini kulichukua muda mrefu kuliko kukitoa.

Umio ndo unanivunja moyo kwa hiyo nitaupita haraka. Ukanda wetu wote huu, Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania hadi Malawi, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Na anakuja mtu amechelewa, kwanza posho ilikataa kushuka akaanza kula wali, wali ukakataa akahamia uji, sasa hata maji yanarudi, ndo anatafuta kipimo. Hapo cha kutoa kwa kitanzi hakipo tena, tunamwekea bomba la waya linalopanuka ili ameze, na kumeza tena uji mbele ya watoto wake sio kitu kidogo. Ila ile changa inaonekana ukiitafuta. Tunanyunyiza iodini ya Lugol, seli nzima zina sukari ndani kwa hiyo zinageuka kahawia, zilizoharibika hazina sukari ya kutosha zinabaki peupe peupe, unaona kabisa mpaka wake. Lazima kwanza uulize mgonjwa kama iodini inamdhuru au ana shida ya tezi ya shingo. Dawa ni rahisi, haihitaji mashine mpya, na bado ni nadra kuikuta ikitumika. Wazee wa waragi na sigara nawaambia waache, na chai wasubiri ipoe, vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 viliwekwa 2016 kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo.

Halafu kipande kikishatoka watu wanapumzika, mimi ndo naanza. Kipande bapa ukikitumbukiza tu kwenye chupa kinajikunja, na mtaalamu wa patholojia hawezi tena kuona kingo ziko wapi. Nakibandika kwa pini kwenye kipande cha kizibo, upande wa utando juu, ndipo kinaingia kwenye formalini, na formalini iwe nyingi, mara kumi ya kipande, sio zile tone mbili za kubania. Kila kinyama chupa yake, kila chupa jina na mahali kilipotoka. Maana hata kama kumeshakuwa na saratani ndani, majibu ndo yanaamua. Kwa utumbo mpana, ikiwa imezama pungufu ya milimita moja kwenye tabaka la pili, seli sio za fujo sana, haijaingia kwenye mishipa, na kingo ni safi, mara nyingi kazi imeisha, hapasuliwi. Ikizidi hapo tunamwambia ukweli kwamba lazima amwone mpasuaji, hata kama kwa macho yetu tuliona tumekitoa chote. Kipande kilichokunjamana hakiwezi kumjibu mtu swali hilo.

Na akitoka pale ana masharti. Damu inaweza kuja hata wiki mbili baadaye, kwa hiyo anayetumia dawa za kulainisha damu atuambie kabla, na mtu wa Arua asipande basi la usiku siku hiyohiyo, akae kwa ndugu Kampala siku chache. Asilime. Asibebe magunia. Kuna mzee mmoja kapata habari ya kilio kijijini akaenda akachimba kaburi na wenzake, akarudi na damu, tukamwekea klipu huku ananiambia binti yangu ningekataaje kumzika kaka yangu. Sikuwa na jibu.

Aliyetolewa kwa vipande lazima arudi baada ya miezi mitatu hadi sita tuangalie kovu, kwa sababu kwa njia hiyo kinyama kinaota tena kwa watu si wachache, na kikiwa kidogo tunakimaliza palepale. Wengi hawarudi. Wanajisikia wazima, nauli ni hela, na laini ya simu aliyoandikisha ameshaitupa. Nimeacha kumuuliza mgonjwa namba yake peke yake. Nachukua na ya mtu anayempikia, na ya duka analokopea, na nikipiga kwa mwenye duka ndo napata majibu ya haraka zaidi, maana yeye anajua kila mtu wa mtaa yuko wapi.